Maswali ya Wasomaji: Kura ya Kujitenga, Nani Kahesabiwa?

Toleo lililopita tuligusia uhuru wa Komoro kwa mistari michache tu, Julai 6 na sherehe zake, basi simu na sanduku la ujumbe havikupumzika. Wengi mmeuliza mambo ya kura za maoni, nchi kujitenga, nchi kuingia kwenye muungano au kutoka. Nimechagua haya, mengine nimeyaunganisha manake yalikuwa yanauliza kitu kimoja.

*Shikamoo mhariri. Bibi mzaa mama alikuwa Mngazija, alikuja Unguja msichana mdogo. Alikuwa akisema Komoro ni visiwa vinne ila mimi kwenye habari nasikia nchi ni visiwa vitatu na cha nne ni Ufaransa. Si walipiga kura moja wote? Nani alimuibia nani? — Msomaji, Mkunazini, Unguja*

Marahaba mwanangu. Hilo ndo lile lile wanalogombania Moroni (mji mkuu wa Komoro) na Paris mpaka leo, na jibu fupi ni kwamba kura ilikuwa moja ila hesabu zikawa mbili.

Desemba 22, 1974 watu wa visiwa vyote vinne, yani Ngazija, Nzuani, Mwali na Mayotte (wenyewe wanaiita Maore), waliulizwa siku moja kama wanataka uhuru. Ukijumlisha kura zote unapata karibu asilimia 95 wamesema ndiyo. Ukiifungua Mayotte peke yake unakuta asilimia 63 na ushee wamesema hapana. Sasa hapo kila mtu akabeba karatasi inayompendeza. Wanasiasa wa Moroni chini ya Ahmed Abdallah wakasema koloni ni moja, mpaka mmoja, jumla moja, tumeshinda. Wa Mayotte wakasema nyie mmeshinda kwenu, kwetu mmeshindwa.

Paris nao mwanzoni walikuwa wanaongea lugha ya visiwa vyote kwa pamoja, ila majibu yalipotoka bunge lao likageuka. Julai 3, 1975 likapitisha sheria kwamba katiba mpya ya Komoro lazima ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa, maana yake kisiwa kimoja kikigoma kinabaki. Abdallah hakungoja, siku tatu baadaye, Julai 6, akatangaza uhuru mwenyewe bila kumuomba mtu (chini ya mwezi mmoja akapinduliwa, tarehe 3 Agosti, lakini hiyo tuiache). Novemba 12 mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ikaendelea na lake, ikaitisha kura nyingine Februari 8, 1976, safari hii Mayotte peke yake, na siku mbili kabla yake ilipiga veto kwenye Baraza la Usalama ili hiyo kura isizuiwe. Asilimia 99.4 wakasema tunabaki.

Bibi yako bila shaka alikuwa anajua kwa nini Mayotte waligoma, ila hizi habari huwa haziandikwi sana kwa Kiswahili. Mayotte ilichukuliwa na Wafaransa mwaka 1841, hivyo vingine vikaingia chini yao rasmi 1886, kwahiyo Wamaore wanapenda kujisifu kwamba wao walikuwa Ufaransa kabla hata mji wa Nice haujawa Ufaransa, na kweli Nice iliingia 1860. Halafu makao makuu ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kijisiwa kidogo pembeni ya Mayotte, yakahamishiwa Moroni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 hadi miaka ya 60. Ofisi ikihama haihami na mafaili tu, inahama na makarani, mishahara, wateja wa sokoni, mafundi, kila kitu. Walioumia wa kwanza ni wanawake wa pale Mayotte ambao waume zao walifuata kazi Ngazija na wakaachwa na watoto bila pesa. Ndo hao wakaanzisha mapambano, wakiongozwa na mama mmoja anaitwa Zéna M'Déré, na silaha yao utacheka: kiongozi akitumwa kutoka Moroni akishuka tu wanamzunguka kundi la akina mama wanaanza kumtekenya! Wanamtekenya mpaka anakimbia. Ukimpiga mama wa watu kisa kakutekenya umeaibika, usipompiga hutoboi. Kwa Kifaransa wakapewa jina la watekenyaji na mpaka leo ni mashujaa kule.

Sasa tangu hapo. Machi 29, 2009 Mayotte ikapiga kura tena kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, asilimia 95 wakakubali, na Machi 2011 ikawa mkoa wa 101. Mwaka 2014 ikaingizwa rasmi kwenye Umoja wa Ulaya kama eneo lake la mbali. Kwahiyo kuna watu wanaongea lugha ambayo mimi na wewe tukikaa chini wiki moja tutaielewa, Waislamu, wanakula muhogo na samaki wa nazi, wanalipa kwa yuro. Na kutoka Nzuani mpaka hapo ni kama kilomita 70 tu za bahari. Mpaka 1995 ndugu walikuwa wanatembeleana bila shida, halafu Ufaransa ikaweka viza, na tangu hapo watu wanavuka usiku kwa vile viboti vinaitwa kwassa-kwassa na wengi sana wamekufa majini.

Umeniuliza nani alimuibia nani. Mimi naona kosa la Ufaransa ni kubadilisha namna ya kuhesabu baada ya kuona majibu. Wangesema tangu mwanzo kwamba tunahesabu kisiwa kwa kisiwa, kila mtu angejua anaingia wapi, Moroni wangeenda kuwabembeleza Wamaore badala ya kudharau. Lakini pia simlaumu mama wa Dzaoudzi ambaye alinyang'anywa ofisi na mume halafu akaambiwa aite hiyo uhuru. Na ujue mwaka 1997 Nzuani nao walitangaza kujitenga na Komoro, na kuna waliopandisha bendera ya Ufaransa kabisa wakiomba warudishwe, Paris ikasema asanteni hatuhitaji.

*Kaka mhariri habari za kazi. Naombeni mnijuze, ile kura ya Sudan Kusini walisema asilimia 98 wametaka kujitenga. Jamani 98 hiyo ni kura au ni zile za marais wetu?? — Msomaji, Mwanza*

Hahaha, kaka nimekuelewa. Nzuri kaka. Ilikuwa 98.83 kabisa. Na mimi nikiona namba kama hiyo huwa nashtuka, na kweli kulikuwa na kaunti kadhaa ambazo waliopiga walizidi walioandikishwa, hilo lilijulikana palepale. Lakini ukitoa hizo kaunti zote bado majibu hayabadiliki hata kidogo, na ukiangalia walikotoka utaelewa: vita kutoka 1955 mpaka 1972, halafu tena 1983 mpaka 2005. Mtu amezaliwa vitani, amezaa vitani, unamuuliza unataka kuendelea na Khartoum? Cha kushangaza mimi ni wale watu 44,888 waliosema tubaki pamoja, wale ningetamani kukaa nao chai.

Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao wengi hawakusoma. Picha mbili tu. Mikono miwili imeshikana, hiyo ni umoja. Mkono mmoja umenyooshwa juu, hiyo ni kujitenga. Unachovya kidole kwenye wino unagonga. Kura ilichukua wiki nzima, Januari 9 mpaka 15, 2011, na walipiga hata waliokuwa Kenya, Uganda, Misri, Marekani, Australia. Sheria ilitaka waliojitokeza wafike asilimia 60 ya walioandikishwa, la sivyo kura ni bure, na hiyo 60 ilivukwa kabla hata wiki haijaisha.

Sasa kilichofanya ikubalike si hiyo 98. Ni kwamba mkataba wa amani ulisainiwa Nairobi Januari 9, 2005, baada ya watu kukaa Machakos na Naivasha miaka na miaka chini ya jenerali wa Kenya, Lazaro Sumbeiywo, na mle ndani Khartoum yenyewe iliweka saini kwamba baada ya miaka sita watu wa kusini wataulizwa. Bashir, rais wa Sudan wakati ule, alienda Juba siku chache kabla ya kura akasema mkichagua kuondoka nitayaheshimu majibu. Kama mwenye nyumba ameshasaini mapema kwamba unaweza kuhama, hata kura ya asilimia 55 inatosha.

Na kuna sehemu moja hiyo saini haikusaidia, Abyei, eneo la mpakani kati ya kaskazini na kusini. Abyei nao walitakiwa wapige kura siku hiyohiyo wachague kaskazini au kusini, mkataba ulisema hivyo. Haikufanyika. Kisa nini, walishindwa kukubaliana nani ni mkazi. Wadinka Ngok wanakaa pale mwaka mzima, Wamisseriya ni wafugaji wanashuka na ng'ombe wao kila kiangazi wanakaa miezi kisha wanaondoka. Ukiwahesabu Wamisseriya eneo linaenda kaskazini, usipowahesabu linaenda kusini. Yani majibu yalikuwa yanajulikana kabla ya kura, kilichobaki ni daftari. Oktoba 2013 Wadinka Ngok wakachoka wakapiga yao wenyewe, karibu wote wakachagua kusini, na hakuna aliyeitambua, si Khartoum, si Juba, si Umoja wa Afrika.

*Mambo mhariri. Dada yangu ni nesi Uingereza, ana kibali tu na paspoti yake ni ya Kenya. Anasema ati alipiga kura ile ya Brexit. Huku nyumbani tunamwambia wacha uongo. Kweli ama? — Msomaji, Likoni, Mombasa*

Poa. Muombe msamaha dada yako kabla ya Idi. Ni kweli.

Kwenye kura ya Juni 23, 2016, ile ya Uingereza kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, aliyeruhusiwa ni raia wa Uingereza, raia wa Ireland, na raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo, hata Rwanda imo tangu 2009. Kwahiyo nesi wa Likoni alipiga. Daktari wa Kiitaliano anayefanya naye kazi wodi moja, amekaa pale miaka 20, watoto wamezaliwa pale, hakuruhusiwa, na yeye ndiye maisha yake yalikuwa yanaamuliwa. Tena Muingereza mwenyewe aliyehamia Hispania zaidi ya miaka 15 naye alizuiwa. Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9, mwanya wa kura kama milioni moja na robo hivi, fikiria mwenyewe wangekuwemo Wazungu wa Ulaya waliokuwa wanaishi pale ingekuwaje.

Sasa chukua ya Uskochi ya Septemba 18, 2014, kura ya kujitenga na Uingereza, miaka miwili tu kabla. Pale wale Waitaliano waliruhusiwa! Wakaruhusiwa pia vijana wa miaka 16. Kwa raia wa Uingereza, Ireland, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Ulaya kigezo kilikuwa unaishi Uskochi, basi, kwahiyo Mtanzania mwenye kibali anayesoma Glasgow anapiga, Mskochi aliyezaliwa Glasgow anayefanya kazi London hapigi. Asilimia 55 walisema tubaki, 45 wakasema tuondoke, na waliojitokeza walikuwa karibu 85 kwa mia ambayo kwa wenzetu kule ni ajabu. Moja ya hoja za waliosema tubaki ilikuwa mkiondoka mtatolewa Umoja wa Ulaya. Wakabaki. Miaka miwili baadaye asilimia 62 ya Waskochi wakapiga kura kubaki Ulaya na wakatolewa hivyohivyo kwa kuwa hesabu ilikuwa ya Uingereza nzima. Ndo maana bado wana hasira, na Novemba 2022 mahakama ya juu ikawaambia bunge lenu la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London.

Kuna wengine walifanya kinyume kabisa, Kaledonia Mpya, kisiwa cha Ufaransa kule Pasifiki. Pale kwa mkataba wa 1998 daftari lilifungwa, waliokuja majuzi kutoka Ufaransa hawapigi kura ya uhuru, ili Wakanaki wenyeji wasizamishwe na wahamiaji. Uhuru ulishindwa 2018 na asilimia 56.7 walisema hapana, 2020 hapana ikashuka 53.3, halafu 2021 Wakanaki wakagomea kwa sababu ya misiba ya Korona na matokeo yakawa 96.5 hapana, namba ambayo haina maana yoyote. Mei 2024 Paris ilipotaka kulifungua daftari tu la chaguzi za kule, mji wa Nouméa ukawaka moto. Kwa ajili ya daftari.

*Je ni kweli jinsi swali linavyoandikwa linaweza kubadilisha matokeo? — Msomaji, Dodoma*

Kweli, na wanaogombania hilo ni watu wazima na akili zao. Uskochi serikali yao ilitaka kuuliza "je unakubali kwamba Uskochi iwe nchi huru", tume ya uchaguzi ikasema hapana, hilo "unakubali" linamsukuma mtu kwenye ndiyo, likafutwa. Hata la Brexit mwanzo lilikuwa la kubaki tu, ndiyo au hapana, likabadilishwa liwe na kubaki na kutoka vyote viwili.

Lakini kiboko ni Quebec, jimbo la wanaoongea Kifaransa Kanada. Mwaka 1995 swali lao liliuliza kama unakubali Quebec iwe na mamlaka yake, baada ya kuwa imeipa Kanada rasmi ofa ya ushirikiano mpya wa uchumi na siasa, kwa mujibu wa muswada fulani na makubaliano yaliyosainiwa Juni 12, 1995. Ukifika mwisho umesahau mwanzo. Wapo waliodhani wanapigia kura ushirikiano tu, si kuondoka. Hapana ilishinda kwa 50.58, tofauti ya kura elfu 54 na kitu katika watu karibu milioni tano. Kanada ilitetemeka, mwaka 2000 wakatunga sheria kwamba swali lazima lieleweke na wingi uwe wa wazi. Wa wazi ni asilimia ngapi? Hawakuandika!

(Kwa hilo Wakenya mna ufundi wenu, 2005 katiba ilipigiwa kwa ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana), hakuna aliyechanganyikiwa, sema matokeo yake chungwa likawa chama.)

*Kwanini Sudan Kusini wakubaliwe na Somaliland wakataliwe, Wakatalani wakataliwe, Wakurdi wakataliwe? Si ubaguzi huu? — Msomaji, Dubai*

Ubaguzi kidogo upo ndugu yangu, siwezi kukataa, ila angalia nilichomjibu wa Mwanza. Somaliland 2001 walipigia kura katiba inayosema wao ni nchi, asilimia 97 wakakubali, Mogadishu haikusaini popote. Wakurdi wa Iraki Septemba 2017, karibu 93, Baghdad ikakataa na ndani ya wiki chache jeshi likachukua Kirkuk. Katalonia, jimbo la Hispania, Oktoba 1, 2017, asilimia 90 ndiyo ila waliojitokeza ni kama 43 kwa mia, polisi wa Madrid wakaingia vituoni na virungu. Eritrea 1993 walipata 99.8 na ikakubalika mara moja, kwa sababu wakati ule serikali ya Addis Ababa ilikuwa ya washirika wao wa msituni na ilikuwa imeshakubali. Asilimia hazina kazi kama upande wa pili haujasaini.

*Na sisi Shirikisho la Afrika Mashariki tutaulizwa lini? Au tutaamka tu asubuhi tumeungana? — Msomaji, Arusha. Na wengine watatu*

Hili mmeuliza wengi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Novemba 1999 unasema safari ni ushuru wa pamoja, soko la pamoja, sarafu moja, na mwisho shirikisho la kisiasa. Mwaka 2017 marais wakasema tuanze na kitu chepesi zaidi kidogo, konfederesheni, yani muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake. Kwenye mkataba hakuna mahali panaposema wananchi wapigiwe kura ya maoni, hilo kila nchi itajua na katiba yake. Miaka ya 2006 na 2007 serikali zilizunguka kukusanya maoni kuhusu kuharakisha, na Watanzania wengi walisema pole pole, ardhi kwanza, lakini ile ilikuwa kukusanya maoni si kura.

Na historia yetu haikupi matumaini sana ukweli usemwe. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulisainiwa Aprili 22, 1964 ukaanza tarehe 26, hakuna mwananchi aliyeulizwa upande wowote. Mwambao wa Kenya, ile maili kumi iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, palikuwa na waliotaka kujitenga, akaja tume ya mtu mmoja, Sir James Robertson, 1961, akapendekeza waingie Kenya, na Oktoba 1963 Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua ikaisha. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977 bila kura. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, 2000 bila kura. Sudan Kusini, wale walioulizwa wiki nzima kama wanataka kuondoka Sudan, waliingia Jumuiya yetu Aprili 2016 kwa saini ya rais wao Salva Kiir pale Dar es Salaam, hakuna aliyeulizwa kwa kidole cha wino. Kongo 2022 vilevile, Somalia 2024 vilevile.

Kutoka nako kumeandikwa, ibara ya 145 ya mkataba: bunge la nchi lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, halafu Katibu Mkuu hapo Arusha apewe notisi ya miezi 12. Kwahiyo wa Arusha, ukitaka kuulizwa, anza na mbunge wako, manake kwenye huo mkataba yeye katajwa, wewe hujatajwa.

Maswali ya toleo lijalo tumeni kabla ya tarehe 20, na tafadhali msiandike kwa herufi kubwa zote.